Madeni ya Serikali na Ughali wa Vitu

Somo hili lahusu jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa ni la mawaziri na mabenki, na hali laingia katika majumba yao kila siku, ndani ya kibaba cha mchele na chupa ya mafuta na mkate wa boflo. Nalo ni mikopo ambayo serikali huchukua nchi za nje kwa riba, na ughali wa vitu ufuatanao na mikopo hiyo.

Kukopa si aibu wala si haramu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikopa, na alipofariki dunia deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa ajili ya shayiri aliyowanunulia watu wa nyumba yake. Lakini yeye huyo huyo alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na mzigo wa deni, na maiti mwenye deni alipoletwa mbele yake asiyeacha cha kulipia, alikataa kumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) aliposimama akalichukua deni lile shingoni mwake. Katika khabari hiyo mna mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, deni halifi pamoja na aliyelikopa. La pili, Abu Qatada alijitoa kwa hiari yake, hakulazimishwa na mtu. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wameshurutisha katika dhamana kwamba mdhamini awe radhi. Asiyeridhika hawi mdhamini. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwani litahitajiwa mbele.

Ama kukopa kwa mtawala kwa niaba ya raia, wanavyuoni wamekunena tangu zamani. Al-Mawardi, aliyekufa mwaka 450 wa Hijra (1058), katika kitabu chake cha hukumu za utawala, amepambanua baina ya namna mbili za matumizi ya Baitul-mali. Yako yaliyo kama deni juu ya hazina, ambayo yakicheleweshwa huleta uharibifu, mfano wa mishahara ya askari. Na yako ya kurahisisha na kunufaisha tu. Kwa yale ya kwanza, hazina ikiwa tupu na ikakhofiwa fisadi, mtawala aweza kukopa, na atakayemfuata katika utawala atapaswa kulipa. Kwa yale ya pili hana rukhsa hiyo. Na yote hayo ni katika mkopo usio na riba. Basi na apime mwenye kupima ni mangapi katika madeni ya zama hizi yangepita katika tundu la mizani ya al-Mawardi.

RELI YA MOMBASA

Mfano ulio karibu na watu wa pwani ni reli mpya ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mwezi wa Mei mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitia sahihi mikopo miwili na benki ya serikali ya China ishughulikayo na biashara za nje, jumla yake kupita dola 3,200 milioni. Nusu ya fedha hizo ilikuwa na riba ya 2 kwa mia kwa mwaka. Nusu ya pili haikuwa na riba iliyosimama mahali pamoja. Ilikuwa ni 3.6 kwa mia juu ya kima ambacho mabenki makubwa ya London yalikuwa yakikopeshana dola. Mapatano yenyewe raia hawakuyaona mpaka mwezi wa Novemba mwaka 2022, miaka minane baada ya kutiwa sahihi, na miaka mitano baada ya reli kufunguliwa.

Mwaka 2014 kima kile cha London hakikutimia hata nusu ya moja kwa mia, kwa hiyo riba yote ilikuwa kiasi cha 4. Kisha vitu vikapanda bei Marekani. Mwezi wa Juni 2022 ughali wao ulifika 9.1 kwa mia kwa mwaka, jambo wasilolijua kwa miaka arubaini. Benki kuu yao ikapandisha riba ili kuupoza ughali huo, kutoka karibu na sifuri mwanzo wa mwaka 2022 mpaka kupita 5 kwa mia mwaka 2023. Dawa ile ilikuwa ni ya mgonjwa wa Marekani, lakini wa Kenya naye akanyweshwa: mkopo uliokuwa wa 4 kwa mia ukapita 8, na reli haikuongezwa hata taruma moja. Huu ni ugeni mkubwa katika mambo ya biashara, kwamba watu wakubaliane leo juu ya deni ambalo kima chake kitaamuliwa kesho na mtu wa tatu, asiye mkopeshaji wala mkopaji, aangaliaye maslaha ya nchi yake tu. Wanavyuoni wameharimisha gharari katika kuuza samaki aliye majini. Hapa riba na gharari zimekaa katika mkataba mmoja.

Mkopeshaji hakuridhika na ahadi tupu. Palifanywa mapatano kwamba bandari itaipa reli mizigo kwa kiasi kilichotajwa, ili pato lake lilipe deni. Hapo ndipo deni lilipomfikia mchukuzi wa Kilindini na dereva wa lori wa Changamwe. Mwezi wa Agosti mwaka 2019 ikatoka amri kuwa mizigo yote iingiayo bandarini, iendayo Nairobi na bara, ichukuliwe kwa reli na kutolewa forodha huko huko Nairobi. Malori yakalala. Kazi za maghala ya kontena zikapungua, mawakala wa forodha wakafunga maafisi au wakahamia bara, na matanboi, makanika, wauza vipuri, wauza chai na mahamri kando ya njia ya Miritini na Mariakani wakakosa wateja. Watu wa Mombasa wakaandamana wiki kwa wiki, na mwezi wa Oktoba mwaka huo amri ikasimamishwa. Mwezi wa Septemba 2022, serikali mpya ilipoingia, kazi ya kutoa mizigo ikarejeshwa Mombasa.

Hapa si mahali pa kusema kuwa reli ni kitu kibaya. Abiria wengi wa pwani wameipanda na wakaisifu, na gari la moshi lichukualo mzigo wa malori mengi laweza kuwa nafuu na salama kwa njia. Lakini mzigo haukuifuata reli kwa sababu ya urakhisi; ulilazimishwa, kwa kuwa deni lilitaka kulipwa. Na mchukuzi, ambaye hakuulizwa wakati wa kukopa wala hakuonyeshwa hati, ndiye aliyefanywa mdhamini kwa riziki yake.

HATI ZA DENI ZA MWAKA 2014 NA 2024

Mwaka huo huo wa 2014 serikali ya Kenya iliuza katika masoko ya Ulaya na Marekani hati za deni za miaka kumi, za dola 2,000 milioni, kwa riba ya 6.875 kwa mia. Riba yake kwa mwaka ni dola 137.5 milioni. Mwenye kuzidisha kwa miaka kumi atapata dola 1,375 milioni, ziliolipwa bila ya mtaji kupungua hata dola moja, kwani mtaji ulikuwa wa kulipwa wote siku ya mwisho, mwezi wa Juni 2024.

Deni lilikuwa la dola, na kodi za raia ni za shilingi. Mwaka 2014 dola ilinunuliwa kwa kiasi cha shilingi 88, kwa hiyo deni lilikuwa sawa na shilingi milioni 176,000. Mwezi wa Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na deni lile lile likawa zaidi ya milioni 320,000. Hata shilingi iliporejea karibu na 130 katikati ya mwaka ule, hesabu ilikuwa milioni 260,000. Nchi ikopayo kwa fedha yake yenyewe, ughali hulipunguza deni lake. Nchi ikopayo kwa fedha ya wengine hupata ughali na deni likazidi, yote kwa pamoja.

Muda ulipokaribia, mwezi wa Februari 2024, serikali ikauza hati nyingine za dola 1,500 milioni, riba yake 9.75 kwa mia, ikanunua kwazo hati za zamani za kiasi cha dola 1,440 milioni. Na afanye hesabu msomaji: 9.75 kwa mia ya 1,500 ni dola 146.25 milioni kwa mwaka. Deni jipya ni dogo kuliko la kwanza kwa robo nzima, na riba yake kwa mwaka ni kubwa kuliko ya deni la kwanza.

Mwenye kusoma tafsiri za aya za riba katika Suratul Baqara na Aali Imran hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Wafasiri wameandika kwamba riba ya zama za ujinga ilikuwa hivi: muda wa deni ukiisha, mdai humwendea mdeni akamkhiyarisha, ama alipe ama azidishiwe muda na deni lizidi. Mabadiliko yaliyofanywa Februari 2024 yalikuwa na majina mengine na mabenki mengine, lakini sura ni ile ile iliyojulikana Makka. Na dawa iliyotajwa katika aya ya 280 ya Suratul Baqara ni kumpa muhula mdeni mwenye dhiki mpaka afarijike, bila ya ziada, na kumsamehe kumesemwa kuwa ni kheri zaidi. Masoko hayana mlango huo.

UGHALI WAMFIKIAJE MASKINI

Serikali yenye kudaiwa dola huzitafuta dola hizo sokoni pamoja na mfanyi biashara atakaye kuleta mchele wa Pakistani, ngano, mafuta ya kupikia na mafuta ya magari. Wanunuzi wakiwa wengi na dola chache, bei ya dola hupanda, na kila kiingiacho kwa meli hupanda nayo. Juu ya hayo, serikali hutafuta shilingi za kununulia dola, na njia iliyo nyepesi ni kodi ya vitu, kwani kila mtu hula. Mwezi wa Aprili 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikubali kuikopesha Kenya kiasi cha dola 2,340 milioni, na katika masharti yake ni mapato ya kodi yaongezwe. Mwezi wa Oktoba 2022 ughali ulifika 9.6 kwa mia kwa mwaka. Mwezi wa Julai 2023 kodi ya mafuta ya magari ikafanywa mara mbili, kutoka 8 mpaka 16 kwa mia, na nauli ya matatu na bei ya samaki wa machine zikafuata. Mwaka 2024 ikapendekezwa kodi ya 16 kwa mia juu ya mkate. Kodi ya mkate iliondolewa kabla ya kupigiwa kura, lakini hasira za vijana zilikuwa zimekwisha waka. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni, damu ikamwagika, na kesho yake mswada wote ukarudishwa.

Na benki kuu ya Kenya, ili kuiokoa shilingi, iliifikisha riba yake 13 kwa mia mwezi wa Februari 2024. Mwenye fedha nyingi alizipeleka kuikopesha serikali, akapata faida akiwa amelala. Mwenye duka dogo na mwenye pikipiki ya mkopo waliona malipo yao ya mwezi yakipanda.

Kwamba ughali hauwapati watu sawasawa, jambo hili lilikwisha elezwa na mwanachuoni wa Kiislamu miaka mia sita iliyopita. Taqiyuddin Ahmad al-Maqrizi wa Kairo, aliyezaliwa mwaka 1364 na kufa 1442, na aliyepata kuwa muhtasibu wa masoko ya mji ule, aliandika kitabu kidogo juu ya ughali na njaa za Misri, baada ya balaa la mwaka 806 wa Hijra. Hakuridhika kusema kuwa Nili haikujaa. Alitaja sababu tatu zitokazo kwa watu wenyewe: vyeo kununuliwa kwa rushwa, na aliyekinunua kukopa kisha kuwakamua raia ili arudishe mali yake, kodi za mashamba kupandishwa, na wingi wa sarafu za shaba ziitwazo fulusi. Katika siku za Sultani Barquq na mwanawe Faraj shaba ililetwa kwa wingi kutoka nchi za Wafrenji ikapigwa sarafu, dirhamu za fedha zikatoweka, na bei zote zikawa zahesabiwa kwa shaba isiyo na thamani yake.

Kisha akawagawanya watu wa Misri mafungu saba akaeleza hali ya kila fungu. Mfanyi biashara, asema, huona sarafu zimezidi mkononi akadhani amepata faida, na akienda kununua bidhaa nyingine hujua kuwa hakuzidishiwa kitu. Walioumia kabisa ni wale wenye riziki ya kiasi kilichowekwa: wanavyuoni na wanafunzi waliokula katika wakfu, na wengi wa askari wadogo. Riziki yao ilibaki hesabu ile ile, na kile inunuacho kikawa kidogo mno. Ama mafundi na watu wa ujira, malipo yao yalipanda, lakini yalipanda kwa kuwa wengi wao walikwisha kufa.

Mwalimu wa madrasa ya leo, na mzee mwenye pensheni, na bawabu mwenye mshahara wa mwezi, wangejiona katika fungu lile la walioumia bila ya kuonyeshwa.

Misri hiyo hiyo ilipatwa tena, mara hii kwa deni la nje. Mkopo wake wa kwanza Ulaya ulikuwa mwaka 1862. Khedivi Ismail akakopa kwa mfululizo, na katika mkopo wa mwaka 1873 iliandikwa pauni milioni 32, zikapokewa kiasi cha milioni 20 tu, na riba ikahesabiwa juu ya zote 32. Mwaka 1875 aliwauzia Waingereza hisa zake za mfereji wa Suez kwa chini kidogo ya pauni milioni 4. Mwaka 1876 malipo yakasimama, na wadai wakaweka afisi yao ndani ya Kairo ya kupokea mapato ya nchi. Mwaka 1878 Misri ya juu ilikuwa na njaa, kwani Nili ilipungua mwaka uliotangulia, na kodi zikakusanywa vivyo hivyo ili riba ilipwe kwa siku yake. Mwaka 1879 Ismail akauzuliwa, na mwaka 1882 askari wa Kiingereza wakaingia.

MAS'ALA YA DENI NA UJIRA WAKATI WA UGHALI

Mambo ya serikali yako mikononi mwa wachache, lakini kila Mwislamu ana deni na ujira wake, na hapa fikihi ina maneno ya kumfaa.

Mtu akimkopesha mwenziwe shilingi 100,000, na zikalipwa baada ya miaka kumi nazo zikiwa haziwezi kununua nusu ya kile zilichokuwa zikinunua, je, anaweza kudai ziada ya kufidia ughali? Katika madhehebu ya Shafii jawabu ni la. Imamu mwenyewe amesema katika al-Umm kuwa aliyekopesha fulusi, kisha mtawala akazibatilisha, hana ila mfano wa fulusi zake. As-Suyuti aliandika risala juu ya mas'ala haya. Kwa Mahanafi, Abu Yusuf aliona kuwa katika fulusi ilipwe thamani, na Ibn Abidin wa Sham akakusanya maneno ya madhehebu yake katika risala aliyoiandika mwaka 1230 wa Hijra. Wanavyuoni wa Majmaa ya Fikihi ya nchi za Kiislamu, walipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, waliamua kuwa deni la fedha hulipwa kwa mfano wake, wala haifai kulifunga na kiasi cha ughali, kwa kukhofia mlango wa riba usifunguliwe kwa jina la insafu.

Hukumu hii ni nzito kwa mkopeshaji, na hapana haja ya kuficha uzito wake. Lakini haikumwacha bila ya njia. Mwenye kukhofia shilingi aweza kukopesha dhahabu yenyewe kwa uzani, akalipwa dhahabu kwa uzani ule ule. Vile vile katika mahari, bibi arusi aweza kutaja dhahabu ya uzani uliojulikana badala ya shilingi, na hasa mahari yakiwa ya kulipwa baadaye. Wanawake wengi wa pwani wamebaki na mahari ya shilingi yasiyonunua hata leso moja. Na siku ya kulipa, si kabla yake, wawili wakiridhiana wanaweza kulipana kwa fedha nyingine kwa bei ya siku ile. Na mdeni akizidisha kwa hiari yake bila ya sharti, hilo ni katika wema wa kulipa, na Mtume (s.a.w.) alifanya hivyo.

Ama ujira una hukumu nyingine. Majmaa hiyo hiyo ilipokutana Brunei mwezi wa Juni 1993 ilikubali kuwa yafaa mkataba wa kazi uwe na sharti la kupandisha mshahara kwa kadiri ya kupanda bei za vitu, maadamu halidhuru uchumi wa watu wote. Kwani ujira wa mwezi ujao haujawa deni bado. Ni bei ya kazi isiyofanywa, na bei ya kitu kijacho watu huiafikiana watakavyo. Ukishathibiti juu ya mwajiri na akauchelewesha, hapo huwa deni kama deni jingine, na mfanyi kazi ndiye apataye khasara ya kuchelewa, ndiyo maana Mtume (s.a.w.) ameamrisha mtu wa kazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka. Basi wachukuzi na madereva na walimu wanaopatana na mabwana zao juu ya mshahara wana haki ya kulitaka sharti hilo siku ya mapatano. Na liandikwe wazi: bei za vitu gani zitaangaliwa, kwa hesabu ya nani, na mara ngapi katika mwaka mshahara utatazamwa upya, kwani sharti lisilojulikana kiasi chake huleta ugomvi, na kadhi hatakuwa na cha kuhukumia.